Opera ngomeni: Wafini walivyoipandisha lugha yao jukwaani

Nimekuwa kimya kidogo. Wale mnaopita hapa mara kwa mara mtanisamehe, shughuli za kutafuta mkate zilinibana. Leo nimerudi na hadithi ndefu, kwa hiyo jimiminie chai kabisa, na kama uko ofisini basi jifanye unasoma ripoti.

Chanzo cha yote ni mabishano. Nilipata bahati ya kwenda Ufini kwa mafunzo mafupi ya uandishi, na wikiendi moja ya mwezi wa saba nikapanda treni kutoka Helsinki kwenda mji mdogo wa Savonlinna, mashariki kabisa, karibu na mpaka wa Urusi. Unafika kituo kinachoitwa Parikkala, unashuka, unaingia kwenye kijitreni kingine kidogo kama daladala la relini, kisha unapita katikati ya maziwa na misitu mpaka unachoka kuyahesabu. Nilikwenda kuona tamasha la opera linalofanyika kila majira ya joto ndani ya ngome ya kale.

Niliporudi nyumbani nikampelekea wazo mhariri mmoja (simtaji, tunaheshimiana). Akanisikiliza, akacheka. "Dogo, stori nzuri, lakini opera haiandikiki kwa Kiswahili. Hata maneno yenyewe hayapo. Iandike kwa Kiingereza, tuwaangalizie nafasi wenzetu wa gazeti lile jingine."

Nikamwambia, "Sawa kaka." Nini kingine ungemwambia mhariri?

Lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa sababu, ndugu msomaji, ukweli ni kwamba hayo hayo aliyoniambia kaka yangu kuhusu Kiswahili, Wafini waliambiwa kuhusu Kifini. Na ile ngome niliyokwenda kuiona ni sehemu mojawapo walipotolea jibu lao. Basi nimeamua niiandike hapa hapa, kwa lugha hii hii, tuone kama haiandikiki.

Tuanze na ngome yenyewe.

Inaitwa Olavinlinna. "Linna" kwa Kifini ni ngome, na Olavi ni Mtakatifu Olavi, mfalme wa Norwei aliyekuja kuhesabiwa miongoni mwa watakatifu. Imejengwa juu ya kisiwa cha mwamba, katikati ya mkondo wa maji unaounganisha maziwa mawili, Haukivesi na Pihlajavesi, ambayo nayo ni sehemu ya ziwa kubwa la Saimaa. Mkondo ule una nguvu kiasi kwamba hata baridi kali inapogandisha maziwa yote ya jirani, maji yanayoizunguka ngome hubaki yakitembea. Kwa askari wa zamani hiyo ilikuwa zawadi. Adui wa nchi za baridi husubiri ziwa ligande ndipo avuke kwa miguu. Pale alisubiri sana.

Aliyeianzisha ngome hiyo mwaka 1475 hakuwa Mfini. Alikuwa Erik Axelsson Tott, mkabaila na mpiganaji mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akiutumikia utawala wa Uswidi. Enzi hizo Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi, na upande wa mashariki walikuwepo Warusi, kwanza wa Novgorod, kisha wa Moscow, ambayo ilikuja kuimeza Novgorod mwaka 1478. Ulikuwepo mkataba wa mpaka wa mwaka 1323, na Warusi walilalamika kwamba Tott anajenga ngome kwenye ardhi yao. Tott akaendelea kujenga. Watawala wa namna hiyo tunawajua, kwanza anapandisha ukuta, halafu ndipo anaitisha mazungumzo.

Hapo ndipo ngome ilipoanza maisha yake ya kubadilishwa mikono. Warusi waliishambulia miaka ya 1490 wakashindwa. Mwaka 1714, wakati wa vita kuu vya Kaskazini, wakaiteka. Mwaka 1721 ikarudi kwa Uswidi kwa mkataba. Mwaka 1743 ikaenda tena Urusi kwa mkataba mwingine. Mwaka 1788 Waswidi wakaizingira wakitaka kuirudisha, wakaambulia patupu. Mwishowe, mwaka 1809, Uswidi ikaipoteza Ufini yote, na nchi hiyo ikawa chini ya Tsar wa Urusi kwa karibu miaka 108, ikiwa na utawala wake wa ndani kwa kiasi fulani.

Sasa ona jambo hili. Mpaka ulipohamia mbali, ngome haikuwa na kazi tena. Mwaka 1847 askari wa Urusi wakaondoka. Ikatumiwa kama jela kwa muda, kisha ikaachwa, na miaka ya 1860 moto ukaiunguza. Jengo lililokuwa linagombewa na falme mbili kwa karne nzima likabaki gofu la popo.

Wenyeji wana hadithi zao kuhusu kuta zile. Wanasimulia juu ya msichana aliyeshukiwa kumfungulia adui lango kwa sababu ya mapenzi, akazikwa hai ukutani, na mahali pale ukaota mti wenye maua meupe kama moyo wake usio na hatia na matunda mekundu kama damu yake. Ni hadithi tu, lakini nadhani inasema kitu kuhusu namna watu wa kawaida walivyoiona ngome ile. Wenye amri ndio walioijenga, na wanyonge ndio walioilipia.

Haya, tuiache ngome kidogo tuzungumzie lugha.

Kwa karne nyingi nchini Ufini, mtu mwenye elimu alizungumza Kiswidi. Hukumu zilitolewa kwa Kiswidi. Chuo kikuu kilifundisha kwa Kiswidi. Kifini kilikuwa lugha ya mkulima, mvuvi na mtumishi wa ndani. Wafini walikuwa wengi, tena wengi mno, lakini ukitaka kupanda ngazi ulilazimika kuiacha lugha yako kwenye ngazi ya chini. Mpaka hapo kuna mtu anayeona hii ni hadithi ya ugenini?

Mabadiliko yalianza taratibu. Mwaka 1835 daktari mmoja aitwaye Elias Lönnrot alichapisha Kalevala, utenzi mrefu alioutengeneza kutokana na nyimbo alizokusanya vijijini, hasa mashariki, kwa wazee waliozikariri bila kuandika. Mwaka 1849 akatoa toleo kubwa zaidi. Kwa mara ya kwanza msomi wa Helsinki aliweza kushika kitabu mkononi na kusema: kumbe lugha ya mtumishi wangu ina utenzi. Mwaka 1858 ikafunguliwa sekondari ya kwanza ya kufundisha kwa Kifini, mjini Jyväskylä. Mwaka 1863 Tsar Alexander wa Pili akaamuru kwamba ndani ya miaka 20 Kifini kiwe sawa na Kiswidi katika ofisi za serikali. Tsar hakufanya hivyo kwa upendo, tusidanganyane. Alikuwa na sababu zake za kutaka Wafini wajitenge na Waswidi. Lakini mlango ukifunguliwa huulizi sana nani aliyeshika ufunguo.

Lugha ikaingia shuleni na ofisini. Likabaki jukwaa.

Hapa inabidi nieleze opera ni nini kwa mtu ambaye hajakutana nayo. Opera ni tamthilia ambayo maneno yake karibu yote yanaimbwa, okestra ikiwa inapiga mbele ya jukwaa, na mwimbaji hatumii maikrofoni. Sauti yake peke yake lazima ipite juu ya vyombo hivyo vyote na kumfikia mtu wa mstari wa mwisho. Ni sanaa ghali kuliko karibu zote, kwa sababu inahitaji waimbaji, kwaya, wapigaji, mavazi, mandhari na jengo. Kwa hiyo Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa pia kipimo cha heshima. Taifa lililojiheshimu lilitaka kuwa na opera yake, kama nchi zetu zilivyotaka kila moja kuwa na shirika lake la ndege. Na kila mtu alikuwa na maoni kuhusu lugha gani inafaa kuimbwa na ipi haifai.

Opera ya kwanza iliyotungwa Ufini ilionyeshwa mwaka 1852. Mtunzi wake, Fredrik Pacius, alikuwa Mjerumani, na maneno yake yalikuwa ya Kiswidi. Kati ya mwaka 1873 na 1879 kulikuwa na kundi mjini Helsinki lililothubutu kuimba opera za Ulaya kwa Kifini. Fedha zikaisha, likafa. Miongoni mwa waimbaji wake walikuwemo mume na mke, Lorenz Nikolai Achté na Emmy Strömer-Achté. Yashike majina hayo, kwa sababu mwaka 1876, katikati ya hangaiko hilo, walipata binti. Wakamwita Aino.

Jina Aino limo kwenye Kalevala. Ni msichana aliyeahidiwa kuozwa kwa mzee Väinämöinen, akakataa, akaenda baharini na maji yakamchukua. Wazazi waliompa binti yao jina hilo walikuwa wanajua wanachokisema.

Aino alikulia ndani ya nyimbo. Akaenda Paris kusoma, na mwaka 1897, akiwa na miaka 21, akapanda kwenye jukwaa la Opera ya Paris akiimba nafasi ya Marguerite katika Faust ya Gounod. Tahajia ya jina ikageuka kuwa Ackté. Akaimba New York. Mwaka 1907 akaimba Salome ya Richard Strauss mjini Leipzig, na mwaka 1910 akaiimba London, katika onyesho la kwanza la opera hiyo nchini Uingereza, okestra ikiongozwa na Thomas Beecham. Kwa lugha ya mtaani, dada alikuwa ametoka. Angeweza kubaki huko huko, akanunua nyumba, akasahau.

Lakini wakati yeye anapanda, nyumbani hali ilikuwa inachafuka. Mwaka 1899 Tsar Nicholas wa Pili alitoa tangazo la kupunguza madaraka ya ndani ya Ufini. Wafini wakazunguka nchi nzima, wengine kwa mateleza kwenye theluji, na katika muda wa wiki mbili hivi wakakusanya saini zaidi ya 500,000 za kumsihi abadili uamuzi. Ujumbe wa watu 500 ukaenda St. Petersburg. Tsar akakataa kuwaona. Mwaka 1900 ukaja uamuzi wa kuingiza Kirusi kwenye shughuli za utawala. Mwaka 1904 gavana mkuu wa Tsar, Nikolai Bobrikov, akapigwa risasi mjini Helsinki na kijana aitwaye Eugen Schauman, ambaye kisha akajiua. Mwaka 1905 ukaja mgomo mkuu. Mwaka 1906 Wafini wakapata haki ya kila mtu mzima kupiga kura, wanawake kwa wanaume, na mwaka 1907 wakachagua bunge la watu 200 ambalo wanawake 19 walikuwa ndani yake.

(Mwaka huo huo wa 1907 huku kwetu Vita vya Maji Maji vilikuwa vinazimwa kwa moto na njaa. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema tu ni mwaka mmoja, na ukiweka tarehe hizo kando kwa kando unaona dola zilivyokuwa zikishughulika.)

Ni katika mwaka huo wa 1907 Aino Ackté alipofika Olavinlinna kwenye mkusanyiko wa wazalendo. Tazama mahali penyewe: ngome iliyoanzishwa na Mdenmark, kwa ajili ya mfalme wa Uswidi, ikachukuliwa na Tsar wa Urusi, na sasa ndani ya ua wake wamesimama Wafini wanazungumzia nchi yao. Ackté alikuwa na sikio la mtu wa jukwaani. Akaona kuta ndefu za mawe upande mmoja, ua ulio wazi, maji kila upande. Akaona jumba la opera ambalo hakuna mtu angehitaji kulijenga, kwa sababu maadui wa zamani walikwisha kulijenga.

Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1908 reli ikafika Savonlinna, na hilo lilisaidia, maana kabla ya hapo mtu alitegemea zaidi meli za moshi ziwani. Mwaka huo huo wa 1908, mjini Viipuri, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Pohjan neiti ya Oskar Merikanto, opera ya kwanza iliyotungwa kwa maneno ya Kifini. Merikanto alikuwa amekwisha kuitunga karibu miaka kumi kabla, ikakaa inasubiri. Mwaka 1911 Ackté, Merikanto na Edvard Fazer wakaanzisha mjini Helsinki kundi walilolipa jina la Opera ya Nyumbani, ambalo ndilo lililokuja kuwa Opera ya Taifa ya Ufini.

Na majira ya joto ya mwaka 1912, tamasha likafunguliwa ndani ya Olavinlinna. Opera iliyochaguliwa ilikuwa ya Erkki Melartin, kwa Kifini, kutoka kwenye Kalevala. Inaitwa Aino.

Naomba usome hapo polepole. Mwanamke aitwaye Aino, aliyewika Paris, New York na London kwa lugha za watu wengine, anarudi nyumbani, anasimama ndani ya ngome iliyozungukwa na maji, na anaimba kwa lugha ya watumishi hadithi ya Aino aliyechagua maji kuliko kuozwa kwa asiyemtaka. Tsar bado yuko kwenye kiti chake. Savonlinna bado ina bafu na nyumba za mapumziko zinazopokea mabwana wa St. Petersburg kila kiangazi. Hakuna mtu aliyehitaji kutoa hotuba.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo mambo yakanyooka. Hayakunyooka. Tamasha lilifanyika tena kiangazi cha 1913 na 1914, kisha vita vya kwanza vya dunia vikaja. Likafanyika 1916. Tarehe 6 Desemba 1917 Ufini ikajitangazia uhuru, na wiki chache tu baadaye, Januari 1918, Wafini wakaanza kuuana wao kwa wao katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyochukua roho zaidi ya 35,000. Watu waliokuwa wanaimba lugha moja walipigana kwa lugha hiyo hiyo. Hili huwa halisemwi sana kwenye vipeperushi vya watalii, lakini mimi nadhani lazima lisemwe. Lugha moja inaweza kuwapa watu jukwaa moja. Haiwapi mkate sawa wala ardhi sawa, na vita vile kwa sehemu kubwa vilikuwa vya mkate na ardhi.

Ackté alijaribu tena mwaka 1930. Mara moja tu. Likalala. Alifariki mwaka 1944, akiwa hajaliona likiamka. Alikufa wakati nchi yake inatoka kwenye vita vya pili na Urusi, vita ambavyo viliifanya Ufini ipoteze sehemu kubwa ya Karelia, na watu zaidi ya 400,000 wakalazimika kuhama makwao. Viipuri, mji ulioisikia opera ya kwanza ya Kifini, ukawa wa Kisovieti. Mpaka leo uko Urusi.

Kwa hiyo hesabu ni hii: ndoto ya 1907, tamasha la 1912, na baada ya 1930 kimya cha miaka 37.

Lilifufuliwa mwaka 1967, na opera waliyoanza nayo ilikuwa Fidelio ya Beethoven. Ni hadithi ya mwanamke anayejigeuza mwanaume na kuingia gerezani kumwokoa mumewe aliyefungwa kwa sababu za kisiasa. Wakaiimba ndani ya ngome iliyowahi kuwa jela. Wafini ni watu wa maneno machache, lakini wakichagua, wanachagua.

Miaka mitano baadaye, 1972, uongozi wa sanaa wa tamasha ukakabidhiwa kwa Martti Talvela. Huyu bwana alikuwa mwimbaji wa sauti ya besi, jitu la karibu mita mbili, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule kabla dunia haijamjua. Alizaliwa mwaka 1935 Hiitola, Karelia, katika sehemu ile iliyopotea. Yaani alikuwa mtoto wa wakimbizi. Mtu ambaye mpaka ulihama ukamwacha bila kijiji ndiye aliyekabidhiwa ngome iliyojengwa kwa ajili ya kuulinda mpaka. Mwaka 1973 akaleta Filimbi ya Ajabu ya Mozart, ikiongozwa na August Everding, na onyesho hilo likapendwa mpaka likarudiwa kiangazi baada ya kiangazi.

Lakini kwangu mimi mwaka muhimu ni 1975. Ngome ilikuwa inatimiza miaka 500. Wangeweza kuadhimisha kwa kuleta Verdi na kuita mabalozi. Walichofanya ni kuonyesha kwa mara ya kwanza opera mpya kabisa, Ratsumies, maana yake Mpanda Farasi, muziki wa Aulis Sallinen na maneno ya mshairi Paavo Haavikko, kwa Kifini, hadithi ya watu walionaswa kati ya Uswidi na Novgorod. Mwaka huo huo Helsinki ikaonyeshwa opera ya Joonas Kokkonen kuhusu mhubiri wa kijijini, Paavo Ruotsalainen, Talvela mwenyewe akiimba nafasi hiyo kuu. Mwaka 1978 Sallinen akatoa nyingine, Punainen viiva, Mstari Mwekundu. Unajua mstari mwekundu ni upi? Ni ule anaochora mkulima maskini kwenye karatasi ya kura, mwaka 1907. Mwaka 1983 Opera ya Taifa ya Ufini ikachukua ya Kokkonen na hiyo ya Mstari Mwekundu ikazipeleka New York, kwenye jukwaa la Metropolitan. Wamarekani wakakaa kimya kumsikiliza mkulima wa Kifini akiimba kwa Kifini juu ya njaa yake.

Talvela alifariki mwaka 1989, kwenye harusi ya binti yake, akiwa anacheza. Ngoma ilimkuta uwanjani.

Sasa nirudi kwenye safari yangu, maana kuna mtu hapo anauliza: wewe uliona opera gani?

Sikuona. Haya, cheka umalize. Tiketi ya bei ya chini kabisa iliyokuwa imebaki ilikaribia kodi ya chumba changu cha mwezi, na nilikuwa na sababu nzuri za kumwogopa mwenye nyumba. Nilichofanya ni kulipa kiingilio cha mchana cha watalii. Unavuka daraja linaloelea, unaingia langoni, na unatokea kwenye ua. Viti zaidi ya 2,200 vimepangwa kuanzia chini mpaka juu, na juu yao limetandazwa turubai kubwa la kuzuia mvua. Jukwaa ni refu na jembamba, na nyuma yake hakuna pazia. Ni ukuta wa mawe tu, ule ule wa karne ya 15, na milango yake mikubwa ya kutokea waimbaji. Mafundi walikuwa wanajaribu taa. Mmoja akapiga makofi mara moja, sijui kwa nini, na sauti ikatembea ukutani kama mtu anayekimbia.

Nikamuuliza binti aliyekuwa anatutembeza: siku hizi wanaimba kwa lugha gani? Akatabasamu. Akasema mara nyingi ni Kiitaliano, au Kijerumani, au Kifaransa. Za Kifini zipo, ila si kila mwaka watu wengi watazijaza. Watalii wanataka majina wanayoyajua.

Nilivunjika moyo kidogo, nakiri. Nilitaka hadithi yenye mwisho mzuri. Halafu nikafikiri zaidi. Jioni nilikaa ng'ambo ya maji, kwenye nyasi, na mkate na soseji. Saa kumi na mbili na nusu watu wakaanza kumiminika kuelekea darajani, wazee kwa vijana, wengine wamevaa suti na wamebeba blanketi kwapani, maana kiangazi cha kule hakiaminiki. Walikuwa wanapiga soga, wanagombana kuhusu nani kabeba tiketi, wanamwita mtoto asisogelee maji. Vyote kwa Kifini. Matangazo, kwa Kifini. Kitabu cha maelezo ya onyesho alichosahau mama mmoja kwenye benchi, kurasa nzima za uchambuzi wa muziki, kwa Kifini. Jua lilikuwa bado liko juu, na lingekuwepo mpaka saa nne usiku.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mhariri wangu. Ushindi wa Ackté haukuwa kwamba Wafini wataimba Kifini peke yake milele. Ushindi ni kwamba leo Mfini anaweza kuisikiliza Kiitaliano, akaijadili kwa Kifini njia nzima mpaka nyumbani, na hakuna mtu anayemwambia lugha yake haina maneno. Maneno hayakushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyakalisha chini akayatafuta, akina Lönnrot na Merikanto na wengine wengi, na kuna mtu aliyesimama akayaimba kabla hayajazoeleka masikioni.

Na sisi tulikuwa na mwanzo wetu. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1963 ikachapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi changa, mwenye shida za kila namna mezani kwake, alitafuta muda wa kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kumbeba Shakespeare. Miaka hiyo hiyo ya 1960 Wafini, pamoja na Waswidi, Wadenmark na Wanorwei, walikuwa Kibaha wakitusaidia kujenga shule, hospitali na mafunzo ya kilimo. Na huyo Martti Ahtisaari aliyekuja kuwa rais wa Ufini na kupata Nobeli ya amani mwaka 2008, alikuwa balozi hapa kuanzia 1973 hadi 1977. Najiuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kukaa na wageni wale jioni moja akawauliza: nyinyi hili la lugha mlifanyaje?

Ngome pia tunazo. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani baada ya kuwatimua Wareno, ikawa kambi, ikawa jela, na kuanzia mwaka 2004 Sauti za Busara ikalifanya jukwaa lake kuwa mahali pa Afrika nzima kuja kuimba. Nimekaa pale kwenye ngazi za mawe usiku, taarab inapigwa, na sikuhitaji mtu anieleze kama Kiswahili kinaimbika.

Tatizo letu halijawahi kuwa kuimba. Ni pale asubuhi inapofika, na kijana anataka kukiandika kile alichokisikia, na mtu anamwambia kwa upole tu: dogo, hiyo haiandikiki.

Kaka mhariri, kama unapita hapa, nimehesabu. Ni maneno kama 2,500. Kiingereza sikukikuta njiani.